Nilimaanisha mwenyekiti, wakasoma mweka hazina

Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi.

Mimi ni katibu wa chama cha akina mama 22. Tulianza tukiwa majirani sita wa ploti moja, kila mmoja akitoa shilingi 200 kwa wiki. Leo tunachanga 2,000 kwa mwezi, tuna akaunti benki, tuna hema mbili na viti tunavyokodisha wakati wa harusi na matanga. Walinichagua kuwa katibu kwa sababu, walisema, naandika Kiswahili kilichonyooka. Sasa Kiswahili hichohicho kimenivunjia urafiki.

Katika kikao cha mwezi wa tatu tulikuwa 14. Wanane hawakufika, mmoja wao akiwa Qatar anakofanya kazi. Mweka hazina alipomaliza kusoma hesabu, mwenyekiti alisimama bila kusukumwa na mtu, akamgeukia mweka hazina na kusema: "Michango yangu ya Januari na Februari haijaingia. Nisipolipa kabla ya Ijumaa nitajiuzulu, kwa sababu siwezi kuwaongoza wenzangu nikiwa na deni." Tulimpigia makofi, tukaendelea na ajenda.

Jioni hiyo nilipanda matatu kwenda Pipeline kumwona mama. Pale Outering Road palikuwa na foleni, nikatoa simu, nikaandika muhtasari wa kikao na kuutuma kwenye kundi letu la WhatsApp. Sentensi iliyoniponza ni hii: "Mwenyekiti alimweleza mweka hazina kwamba michango yake ya Januari na Februari haijaingia, na kwamba asipolipa kabla ya Ijumaa atajiuzulu."

Saa nne usiku mwenzetu wa Qatar akanipigia akiwa na hasira, akiuliza inawezekanaje mtu anayeshika pesa zetu asitoe zake. Mwingine alimsimulia mama mboga wa hapo langoni. Kufikia Jumanne, mama mkwe wa mweka hazina alikuwa amempigia simu kutoka Kakamega kumuuliza kama ni kweli amekula pesa za akina mama.

Nilipoona moto umewaka, Jumatano nikaandika tena: "Kuna wasiosoma vizuri. Mwenye makosa si yeye. Nitawapigia kesho niwaeleze." Mwalimu, mimi nilimaanisha nitawapigia mwenyekiti na mweka hazina. Wanachama wakakaa Alhamisi nzima wakingoja simu yangu. Haikuja, wakasema nawaficha jambo. Wengine walikasirikia lile la "wasiosoma vizuri". Wengine nao walielewa kwamba "si yeye" ni kumtetea mwenyekiti, yaani nimethibitisha kuwa mwizi ni mweka hazina.

Mwenyekiti alilipa deni lake Alhamisi, na bado yuko kitini. Nikimwomba aseme neno, ananiambia, "Wewe ndiye uliyeandika, wewe rekebisha." Mweka hazina amerudisha vitabu na risiti ndani ya mfuko wa karatasi, akamwachia askari wa ploti anipe. Tukikutana steji anatazama upande mwingine. Mtu huyu alikaa nami kwenye benchi la hospitali siku tatu mtoto wangu alipolazwa.

Mume wangu anasema nifute ujumbe, watu watasahau. Rafiki yangu wa kazini anasema kosa ni la Kiswahili, kwamba Kiingereza kina neno la mwanamume na neno la mwanamke, hakichanganyi watu, na kwamba kuanzia sasa niandike kumbukumbu kwa Kiingereza. Binti yangu wa kidato cha tatu aliisoma ile sentensi mara moja tu, akaniuliza, "Mama, ni nani atajiuzulu?" Mimi nimeisoma mara kumi, na mara zote kumi namwona mwenyekiti tu.

Nifanyeje? Na je, ni kweli lugha yetu ina kasoro hii?

Katibu, Umoja

*

Dada Katibu,

Binti yako alisoma mara moja akaona kilichokushinda kukiona mara kumi, na sababu yake ndiyo kiini cha jambo lote. Wewe ulikuwepo. Ulimwona mwenyekiti akisimama, ukamsikia akisema "yangu". Kwa hiyo kila ukifika kwenye "yake", sauti ya mwenyekiti inakurudia masikioni na kukuonyesha mwenye deni. Binti yako hakuwa na sauti hiyo. Alikuwa na maneno uliyoandika, na maneno uliyoandika hayasemi.

Yatazame pamoja nami. Mwenyekiti alisema, "Michango yangu haijaingia." Hapo hapana wa kukosea. Sasa tuseme mambo yangekuwa kinyume, mwenyekiti awe anamshutumu mweka hazina: "Michango yako haijaingia." Hapo pia hapana wa kukosea. Chukua kauli hizo mbili uzigeuze kuwa usemi wa taarifa, jinsi tulivyofundishwa shuleni. Ya kwanza: Mwenyekiti alimweleza mweka hazina kwamba michango yake haijaingia. Ya pili: Mwenyekiti alimweleza mweka hazina kwamba michango yake haijaingia. Ni sentensi moja, herufi kwa herufi. Fanya vivyo hivyo kwa "nisipolipa nitajiuzulu" na "usipolipa utajiuzulu". Zote mbili zinakuwa "asipolipa atajiuzulu". Mwenyekiti aliungama, na kalamu yako ikaandika sentensi ambayo mtu anayeshutumu angeiandika vilevile.

Jambo hili linaniuma kama mwalimu. Kwa miaka mingi nimesahihisha zoezi la "Andika katika usemi wa taarifa". Mwanafunzi akibadilisha "yangu" kuwa "yake" na "kesho" kuwa "siku iliyofuata", tulimpa alama zake tukasonga mbele. Tuliwafundisha kugeuza, hatukuwafundisha kukagua kilichodondoka njiani. Katika usemi halisi, nafsi ya kwanza na nafsi ya pili ni watu wawili wanaotazamana. Ukigeuza, wote wawili wanaingia katika nafsi ya tatu na kuvaa kiambishi kimoja, "a-", na kimilikishi kimoja, "-ake". Wewe umekuwa katibu wa chama ukiwa na zana ileile tuliyokupa darasani, nayo haikutosha.

Sasa, kwa nini wote waliokosea walikosea upande mmoja? Kama sentensi ilikuwa na maana mbili, mbona hakuna hata mmoja kati ya wale wanane aliyeipata maana yako? Ni kwa sababu msomaji hakiachi kiwakilishi kikae kitupu. Hukitafutia mwenyewe haraka, mara nyingi bila kujua kwamba anatafuta. Kwanza, huenda akamtazama mtu aliyetajwa karibu zaidi, na katika sentensi yako aliyetajwa karibu na "yake" ni mweka hazina. Pili, husaidiwa na mazoea ya dunia. Katika chama, pesa zikitajwa pamoja na upungufu, macho huenda kwa anayeshika pesa. Tatu, "asipolipa atajiuzulu" ina mlio wa amri, na anayetarajiwa kutoa amri ni mwenyekiti, si kuipokea. Njia zote tatu zilimpeleka msomaji kwenye mlango wa rafiki yako. Ndiyo maana yale maneno "kuna wasiosoma vizuri" inabidi uyaombee radhi peke yake. Walisoma vizuri kabisa.

Nije kwa rafiki yako wa kazini. Ushauri wake ungekuwa na maana kama mmoja wa viongozi wenu angekuwa mwanamume. Wote wawili ni wanawake. Kiingereza kingewapa neno lilelile moja la kike, na mwenzenu wa Qatar angekupigia saa nne ileile. Tena lugha nyingi tulizonyonya nyumbani, Kikuyu, Kikamba, Dholuo na nyinginezo, hazitenganishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu, sawa na Kiswahili. Hiyo ndiyo sababu hapa Nairobi utamsikia mtu msomi akiongea Kiingereza akamwita shangazi yake kwa neno la kiume katikati ya hadithi. Ukihamia Kiingereza utabeba tatizo la zamani na kuliongezea jipya. Na usidhani kumbukumbu za Kiingereza ndizo rasmi zaidi. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, kisha inakiweka pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Andika Kiswahili chako.

Tena Kiswahili kina kinga ambayo Kiingereza hakina, nayo ni ngeli. Nikikuandikia, "Cherehani iliangukia kiti kikavunjika," unajua kilichovunjika ni kiti. Nikiandika "ikavunjika", unajua ni cherehani. Sikuongeza neno lolote, herufi moja tu ya kiambishi imekuonyesha mahali pa kutazama. Ninasikitika kwamba katika mazungumzo yetu ya mjini tunaitupa kinga hii. Tunasema "hiyo kiti", "hiyo gari", "hiyo kitu", kila kitu tunakitia katika ngeli ya I-ZI. Mtu akisema "hiyo cherehani iliangukia hiyo kiti ikavunjika", huwezi tena kujua utengeneze nini. Watu hudhani walimu tunasisitiza upatanisho wa kisarufi kwa sababu ya mtihani. Upatanisho ndio unaomwambia msomaji ni kipi kinasemwa, na anayeuacha katika maandishi anamwachia msomaji kubahatisha.

Lakini kinga hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe ndipo ulipoangukia. Binadamu wote tumo katika ngeli moja, A-WA. Mwenyekiti ni "a-", mweka hazina ni "a-", mama mkwe wa Kakamega ni "a-", askari wa ploti ni "a-". Kiti na cherehani lugha inakutenganishia yenyewe. Watu wawili inakuachia wewe uwatenganishe. Na sifa ya mtu, ikichafuka, haipelekwi kwa fundi.

Ufanyaje basi ukiwa na watu wawili katika sentensi moja? Njia iliyo salama kuliko zote ni kurudia cheo. "Mwenyekiti alimweleza mweka hazina kwamba michango ya mwenyekiti haijaingia, na kwamba mwenyekiti asipolipa kabla ya Ijumaa atajiuzulu." Najua moyo wako unakataa. Tulikufundisha kwamba kurudiarudia neno ni ufukara wa msamiati, na katika insha ya kusimulia machweo ya jua huenda tulikuwa sahihi. Kumbukumbu za chama ni maandishi ya namna nyingine. Tazama mkataba wa kuuza shamba. Wakili huandika "Muuzaji" na "Mnunuzi" tangu mstari wa kwanza hadi sahihi, na mahali pengi ambapo angeweza kuandika "yeye" anaandika cheo. Tazama ujumbe wa M-Pesa, ambao umekuwa mikononi mwetu tangu 2007. Umetoka kumtumia dada yako pesa sekunde hii, jina lake unalijua tangu utotoni, lakini ujumbe bado unakutajia jina la aliyepokea, kiasi, tarehe na saa. Haukuambii kwamba "zimemfikia". Watu hugombana kuhusu pesa kila siku katika mji huu, na mara nyingi ugomvi huisha mtu akionyesha ujumbe ule, kwa sababu hauna nafasi ya kujazwa na dhana.

Njia ya pili ni kuacha kugeuza. Mtu akisema jambo zito, hasa linalohusu deni, lawama au ahadi, mnukuu. "Mwenyekiti alisema: 'Michango yangu haijaingia.'" Alama za kunukuu ni kazi ndogo sana hata kwenye simu, na "yangu" ndani yake ina mwenyewe mmoja tu. Njia ya tatu, nyepesi kidogo, ni kuongeza "mwenyewe": "alisema kwamba michango yake mwenyewe haijaingia." Hiyo humrudisha msomaji kwa msemaji. Mimi huitumia katika barua za kawaida. Penye pesa bado ningerudia cheo.

Ujumbe wako wa pili nao una somo lake, na hili ni la Kiswahili hasa. "Nitawapigia" ina "-wa-" katikati, na "-wa-" hiyo huwakilisha "wao" na pia "nyinyi". Uliandika ukiwafikiria watu wawili. Wanachama wengine wakasoma wakijiona wao. Wala hawakuwa na sababu ya kufikiri vinginevyo, maana mtu akiandika kwenye kundi, wanaosoma ndio "nyinyi". Kuna dawa ya zamani ambayo hapa mjini tunaisahau, kiambishi "-ni" cha mwisho. "Nitawapigieni" ni nyinyi, haina mjadala. Na ukimaanisha wao, waandike: "Nitampigia mwenyekiti, kisha nitampigia mweka hazina." Ukiyasoma maneno hayo ya mwisho, unaona mtu angekaa Alhamisi nzima akingoja simu?

Kuhusu "mwenye makosa si yeye", sihitaji kukueleza. Uliandika ukidhani watu wote wanakumbuka mtu yuleyule uliyekuwa unamkumbuka.

Kwa kuwa chama chenu kinashika pesa, huenda pia mnakopeshana, kwa hiyo nikuonye juu ya aina moja ya sentensi kabla haijakuunguza. Siku moja utaandika: "Mwanachama aliyemkopesha mweka hazina aje kikaoni Juni." Isome pole pole. Aliyetoa pesa ni mwanachama au mweka hazina? Kirejeshi hiki cha Kiswahili, "-ye-", huruhusu yote mawili: mwanachama ambaye alimkopesha mweka hazina, na mwanachama ambaye mweka hazina alimkopesha. Wawili hao wote ni wa A-WA, kwa hiyo "aliyemkopesha" haikuonyeshi nani ni mtenda na nani ni mtendwa. Mdai na mdaiwa wanabadilishana viti ndani ya neno moja. Tumia "ambaye" na uweke mtenda mbele ya kitenzi chake, au tumia kauli ya kutendwa: "mwanachama aliyekopeshwa na mweka hazina." Hiyo "na" inakushikia mtu mkono. Ukitaka usalama kamili, igawe: "Mweka hazina alimkopesha mwanachama 10,000. Mwanachama huyo atalipa Juni."

Vitu viwili vidogo nivipitie upesi. Ukiandika "tumeamua", sema ni kamati iliyoamua au ni kikao. Na ukiandika "hiyo iliungwa mkono", ipe "hiyo" nomino yake: hoja hiyo, safari hiyo, faini hiyo.

Tuache sarufi, twende kwa watu.

Usifute ule ujumbe. WhatsApp huacha alama kwamba ujumbe umefutwa, na waliokwisha kuusoma wanaujua kwa moyo. Watakachoona ni kwamba katibu anaficha. Tena sahihisho linahitaji kosa lionekane ili mtu aone kilichosahihishwa.

Kabla ya kuandika neno lolote kwenye kundi, nenda kwa mweka hazina. Usimpigie, nenda. Usiende na maelezo marefu ya viwakilishi, hayo ni yangu na yako. Mwambie, "Niliandika vibaya, watu wakakudhania deni ambalo si lako, na nilipojaribu kurekebisha nikaongeza. Nisamehe." Kisha mrudishie mfuko wake wa vitabu. Asipoupokea siku hiyo, ondoka nao bila kubishana, urudi tena. Mtu aliyeulizwa na mama mkwe wake kama amekula pesa za watu ana haki ya kukasirika zaidi ya wiki moja. Muulize pia kama angependa uzungumze na mama mkwe. Huenda atakataa. Uulize tu, kwa sababu habari ilifika Kakamega kutoka kwenye sentensi yako, na hakuna atakayeifuata huko kama si wewe.

Halafu mwenyekiti. Anaposema, "Wewe ndiye uliyeandika," anasema kweli nusu. Kuandika uliandika wewe, lakini yeye peke yake ndiye mwenye neno ambalo halina utata hata kidogo, nalo ni "mimi". Wewe ukieleza, bado unaeleza ya mtu mwingine katika nafsi ya tatu, na kundi limeshapoteza imani na nafsi yako ya tatu. Yeye akirekodi sauti ya nusu dakika, "Mimi mwenyekiti ndiye niliyekuwa na deni la Januari na Februari, nililitangaza mwenyewe kikaoni, na nimelilipa," mjadala umekwisha. Alikuwa na ujasiri wa kulisema mbele ya watu 14 na mkampigia makofi. Mwombe alirudie kwa wanane waliobaki. Namheshimu kwa aliyoyasema siku ile. Simheshimu kwa kunyamaza akiona mwenzake anabeba deni lake, na nakuomba umwonyeshe barua hii akikataa.

Akikataa hata hivyo, tuma yako. Kitu cha kwanza kabisa kiwe usafi wa mweka hazina, kwa sababu kwenye simu wengi husoma mistari miwili na kuacha. Nimekuandikia hivi:

"Wanachama wenzangu, mweka hazina wetu hana deni lolote, wala hakuna aliyemwambia ajiuzulu. Mimi katibu niliandika vibaya siku ya kikao. Niliandika: 'Mwenyekiti alimweleza mweka hazina kwamba michango yake haijaingia.' Sikuonyesha ni michango ya nani. Ilikuwa michango ya mwenyekiti. Mwenyekiti alilitaja deni hilo kwa hiari yake mbele ya wanachama 14, akasema kwamba mwenyekiti asipolipa kabla ya Ijumaa, mwenyekiti atajiuzulu. Mwenyekiti alilipa Alhamisi. Jumatano niliandika kwamba kuna wasiosoma vizuri. Mlisoma vizuri, kosa lilikuwa katika maandishi yangu. Namwomba mweka hazina msamaha, na ninawaombeni nyinyi nyote msamaha."

Neno "mwenyekiti" limo mara nyingi humo, na mkono wako utawasha kutaka kulipunguza. Usipunguze hata moja.

Kwenye kikao kijacho, zinaposomwa kumbukumbu za kikao kilichopita kabla ya kuthibitishwa, simama uombe sahihisho liandikwe ndani ya kitabu, tarehe na yote, kisha mwenyekiti na wewe mtie sahihi. Kundi la WhatsApp litajaa salamu na picha, ujumbe utapotea juu huko. Kitabu ndicho kitakachofunguliwa siku benki itakapotaka kumbukumbu za kubadilisha wenye kutia sahihi, au siku mtu atakapouliza kwa nini mweka hazina alirudisha vitabu mwezi wa tatu.

Na kabla ya kutuma, mtumie ujumbe huu mtu mmoja kwanza, yule mwenzenu wa Qatar. Hakuwepo kikaoni, na ndiye aliyekosea wa kwanza. Usimweleze chochote. Muulize maswali mawili tu: ni nani alikuwa na deni, na ni nani alisema atajiuzulu? Akijibu yote mawili bila kukuuliza lolote, utume kwa wote. Akikuuliza hata "unamaanisha yupi?", niandikie tena, tuupange upya pamoja.